Kamera Isiyojua Zaidi ya Mshikaji Wake: Ubora na Udhaifu wa Filamu ya The Blair Witch Project

Utangulizi

Usiku mmoja wa mwisho wa muhula, wanafunzi sita tulijibana katika chumba kimoja cha bweni, tukaitazama filamu ya The Blair Witch Project kwenye tarakilishi ya mwenzetu. Ilipomalizika, hapakuwa na aliyefanya haraka kuwasha taa. Mmoja wetu alicheka, akasema ameibiwa saa nzima na ushei ya maisha yake, kwani hakuonyeshwa hata ukucha wa huyo mchawi aliyeahidiwa. Wa pili hakutamka neno, ila alipotaka kwenda msalani aliomba asindikizwe. Wa tatu alishikilia kwamba mambo yale yalitendeka kweli, na kwamba vijana wale watatu hawajaonekana hadi leo. Ubishi ukazuka, ukaendelea hadi majirani wakagonga ukuta. Swali lililotugawanya lilikuwa moja tu: je, ni kweli au ni uongo?

Makala haya yamezaliwa na ubishi huo. Lengo lake ni kumweleza msomaji, hasa mwanafunzi mwenzangu wa fasihi, jinsi filamu hii inavyofanya kazi: ni kwa nini inamtisha mmoja na kumchosha mwingine, na ni kwa nini yupo wa tatu anayeiamini. Hoja yangu ni kwamba ubora wa filamu hii na udhaifu wake havikutoka katika mashina mawili. Vyote vimechipuka kutokana na uamuzi mmoja wa kisanaa, yaani kumnyima mtazamaji kila jambo ambalo mwenye kamera hakulijua. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba swali tulilogombania bwenini, ingawa lilikuwa swali la haki, hatukuliuliza mahali pake.

Sisi tuliolelewa kwa ngano tuna kipimo kizuri cha kuanzia. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", mkataba huwa umefungwa. Kila aliyeketi pale anafahamu kwamba fisi atasema na sungura atahadaa, na hakuna atakayeamka kesho kwenda kumtafuta zimwi. Vivyo hivyo, mtambaji anapotangaza kwamba hadithi yake imeishia hapo, mlango hufungwa, watu wakarudi katika maisha yao ya kawaida. Visakale, kwa upande mwingine, havina mkataba wa aina hiyo. Husimuliwa kama mambo yaliyotukia, mahali panapojulikana, kwa watu wenye majina. The Blair Witch Project ni ngano iliyojivika vazi la kisakale: imeiondoa "Paukwa" mwanzoni, na haina fomyula ya kufungia mwishoni. Tutaona kwamba jambo hilo lina faida yake, na lina gharama yake pia.

Kisa kwa Muhtasari

Filamu hii ya Marekani iliandikwa na kuelekezwa na Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliokuwa wamesomea utengenezaji wa filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mnamo Januari 1999, kisha ikaingia katika kumbi za sinema mwezi wa Julai mwaka uo huo. Urefu wake ni kama dakika 81.

Inaanza kwa maandishi machache juu ya kiwambo yanayodai kwamba mnamo Oktoba 1994 wanafunzi watatu walipotelea msituni karibu na mji mdogo wa Burkittsville, katika jimbo la Maryland, walipokuwa wakipiga filamu ya matukio halisi. Na kwamba mwaka mmoja baadaye kanda zao zilipatikana. Tunachokitazama, kwa mujibu wa dai hilo, ni kanda hizo zenyewe. Ndiyo maana filamu za namna hii zaweza kuitwa filamu za kanda zilizookotwa.

Wahusika wakuu ni Heather, ambaye ndiye kiongozi wa kazi. Josh, mpiga picha. Na Mike, mnasa sauti. Wanawahoji wakazi wa mji kuhusu mchawi anayesemekana kuusumbua msitu huo tangu karne ya kumi na nane, kisha wanaingia msituni wakiwa na mizigo, ramani na kamera mbili. Wanapotea. Usiku wanasikia vishindo na vijiti vikivunjika. Asubuhi wanakuta vichuguu vya mawe nje ya hema. Baadaye wanafika mahali ambapo vinyago vya vijiti vimening'inizwa mitini. Ramani inatoweka, chakula kinapungua, ugomvi unazidi. Siku moja wanaamka na kumkosa Josh. Usiku wanasikia sauti yake ikilia kwa mbali, na hatimaye Heather na Mike wanaifuata hadi katika nyumba kuukuu ambamo filamu inakatikia.

Nasaba ya Mbinu Hii

Ni kosa kudhani kwamba mbinu hii ilianza na kamera. Waandishi wa bunilizi wamezoea tangu zamani kuzificha kazi zao nyuma ya hati za kubuni. Riwaya ya Robinson Crusoe ya Daniel Defoe ilipochapishwa mwaka 1719, ukurasa wake wa kwanza ulidai kwamba maisha hayo yameandikwa na Crusoe mwenyewe. Bram Stoker naye, katika riwaya yake ya Dracula ya mwaka 1897, aliisuka hofu yake kwa shajara, barua na vipande vya magazeti, na hakumweka msimulizi mmoja anayejua yote. Msomaji wa Dracula hujikuta akisoma shajara ya mtu asiyejua kwamba mwenyeji wake ni mnyonya damu.

Katika sinema, mfano unaotajwa sana kabla ya huu ni Cannibal Holocaust, filamu ya Mwitaliano Ruggero Deodato iliyotoka mwaka 1980. Nayo ilisimulia habari za watengenezaji filamu waliopotea na kanda zao kupatikana. Ilisadikiwa kiasi kwamba Deodato alifikishwa mbele ya sheria nchini Italia, akalazimika kuthibitisha kuwa waigizaji wake walikuwa hai. Kwa hivyo Myrick na Sánchez hawakuibuni mbinu. Walichokifanya ni kuisafisha: waliondoa umwagaji damu karibu wote, wakabakiza kutojua.

Ubora wa Filamu

Ubora wa kwanza umo katika nafsi ya usimulizi. Katika filamu nyingi za kutisha, kamera ni kama msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote. Hupenya dirishani, hututangulia chumbani, ikatuonyesha muuaji aliyejificha nyuma ya mlango ilhali mhusika hana habari. Hofu tunayoihisi hapo ni hofu ya mtu anayejua zaidi ya mhusika. Katika The Blair Witch Project, kamera ni nafsi ya kwanza. Haijui zaidi ya aliyeishika. Akiwa na giza mbele yake, nasi tuna giza. Akikimbia, tunaona matawi na kisigino cha mwenzake. Yapo matukio ya usiku ambamo kiwambo kizima ni cheusi na tunachobakia nacho ni sauti tu: kijiti kinavunjika, mtoto analia, mtu anauliza ni nini hicho na hapati jibu. Hapo ndipo mtazamaji anapoanza kufanya kazi ambayo mwelekezi ameiacha makusudi. Mchawi hachorwi na filamu. Huchorwa na kila mmoja wetu kwa rangi za hofu zake mwenyewe. Yule mwenzetu aliyelalamika kwamba hakuonyeshwa kitu, na yule aliyeogopa kwenda msalani peke yake, walilitazama giza lile lile.

Ubora wa pili ni jinsi filamu inavyotumia masimulizi ya mdomo. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi atayafurahia mahojiano ya mwanzoni. Watoa habari hawaafikiani. Mmoja anadai alimwona mchawi mwenyewe, mwili wote umejaa manyoya. Mwingine anasimulia habari za Rustin Parr, mtawa wa msituni aliyewaua watoto saba katika miaka ya arobaini. Anasema Parr aliwachukua wawili wawili, akimsimamisha mmoja kwenye pembe ya chumba, uso ukutani, wakati alipokuwa akimuua mwenzake. Mama mmoja anasimulia akiwa amempakata mwanawe, na mtoto yule anaunyoosha mkono na kumziba mama mdomo. Kutoafikiana huku hakuudhoofishi uongo wa filamu, bali kunautia nguvu, kwa maana ndivyo visakale vilivyo: kila mzee ana toleo lake.

Fauka ya hayo, mahojiano hayo si pambo. Katika sekunde za mwisho Heather anateremka hadi chumba cha chini cha ile nyumba, na kamera yake inamwonyesha Mike amesimama kwenye pembe, uso ukutani, kimya. Kisha kamera inaanguka. Hakuna damu, hakuna mchawi, hakuna maelezo. Aliyeyasikiliza vyema masimulizi ya mwanzoni huganda pale pale, aliyekuwa akizungumza na jirani yake wakati wa mahojiano huuliza, "Sasa imeisha vipi?" Kwa maoni yangu, hilo ni funzo zuri kuhusu matumizi ya kidokezi. Maneno machache ya mtoa habari, yaliyotamkwa mchana kweupe na kusahaulika, ndiyo yanayobeba uzito wote wa kilele. Yule mwenzetu aliyecheka, tulipomkumbusha habari za Parr, alinyamaza kidogo kabla ya kucheka tena.

Ubora wa tatu ni uigizaji na lugha yake. Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael C. Williams walipiga picha msituni kwa siku 8 mnamo Oktoba 1997, nao wenyewe ndio walioshika kamera. Hawakupewa majibizano yaliyoandikwa. Walikuwa na muhtasari wa kisa, na kila siku walielekezwa kwa chombo cha setilaiti hadi mahali walipoachiwa maagizo mafupi, kila mmoja yake, asiyajue ya mwenzake. Chakula chao kilipunguzwa siku baada ya siku. Usiku, waelekezi na wasaidizi wao walikuja kulitikisa hema na kucheza sauti za watoto zilizorekodiwa. Kutokana na hayo, majibizano yana sura ambayo mwandishi akiwa mezani pake huipata kwa tabu: sentensi zinazokatika, watu wanaoingiliana maneno, matusi yanayorudiwa kwa kukosa neno jingine. Mike anapokiri, huku akicheka kama aliyerukwa na akili, kwamba ndiye aliyeipiga teke ramani ikaingia mtoni, tunaona hasira ya wenzake ikilipuka bila mpangilio, kama hasira za kweli zilivyo.

Katika kipengele hiki, tukio linalokumbukwa zaidi ni lile la Heather kujipiga picha gizani, uso wake ukiwa umetoka nusu nje ya fremu, machozi na kamasi vikimtoka, akiwaomba radhi mama wa wenzake na mama yake mwenyewe. Wengi wamelifanyia mzaha. Lakini tukilitazama kwa jicho la tanzia, hilo ndilo tukio la utambuzi. Tangu mwanzo Heather ndiye aliyedai kuijua njia, akakataa kukiri kwamba wamepotea, akasisitiza kila kitu kinaswe na kamera. Hapo anayatambua makosa yake, tena anayatambua mbele ya kifaa kile kile kilichompa kiburi.

Ubora wa nne ni kugeuza ufukara kuwa mtindo. Gharama za awali za upigaji picha hukadiriwa kuwa kati ya dola 35,000 na 60,000, kiasi kidogo mno kwa filamu ya Marekani. Kamera zilikuwa mbili: moja ya video ya rangi, kama zile walizokuwa nazo watu majumbani, na nyingine ya filamu ya milimita 16, isiyo na rangi. Katika filamu nyingine, picha hafifu na zenye chenga zingekuwa aibu. Hapa zimekuwa ushahidi. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 248 duniani kote. Nayataja mapato haya si kwa sababu fedha ni kipimo cha sanaa, bali kwa sababu yanaeleza ni kwa nini wengi waliifuata njia hiyo baadaye.

Udhaifu wa Filamu

Hata hivyo, uamuzi ule ule uliozaa ubora huo ndio uliozaa kasoro zifuatazo.

Kasoro ya kwanza ni swali ambalo kila hadhira huliuliza: mbona hawaiweki kamera chini? Mtu aliyekosa chakula na anayekimbizwa usiku hujali maisha yake, si picha. Waelekezi walilijua swali hili, na wamejaribu kulijibu. Josh anamwambia Heather kwamba amefahamu ni kwa nini anaipenda kamera ya video: anachokiona kupitia kwayo si uhalisia kamili. Jibu hilo ni zuri kisaikolojia, maana linamfanya Heather kuwa mtu anayejificha nyuma ya kioo. Lakini linatosha kwa nusu ya filamu tu. Katika nyumba ya mwishoni, wahusika wawili wanapopanda na kuteremka ngazi huku kila mmoja akiwa na kamera, usadikifu unavutwa hadi karibu ukatike. Filamu zilizofuata zilijaribu kuliziba pengo hilo. Katika Rec, filamu ya Uhispania ya mwaka 2007, mwenye kamera ni mpiga picha wa kituo cha runinga, na kupiga picha ndiyo kazi yake. Katika Paranormal Activity, iliyotengenezwa na Oren Peli mwaka uo huo wa 2007, kamera imewekwa chumbani usiku, wenyewe wakalala. Majibu hayo yanaonyesha kwamba waliokuja baadaye waliiona kasoro hii.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi, na haitajwi mara nyingi. Ni nani aliyeihariri filamu hii? Kanda mbichi zilizookotwa hazipangiki zenyewe. Picha za kamera ya rangi zinapishana na zile zisizo na rangi kwa ustadi. Mahali pengine tunatazama picha ya kamera moja huku tukisikia sauti iliyonaswa na nyingine, kama ilivyo katika dakika ya mwisho, ambapo mayowe ya Heather yanasikika kwa mbali ilhali tumo ndani ya kamera yake. Saa takriban 20 za picha zilipunguzwa na kubaki chini ya saa moja na nusu. Kazi hiyo ilihitaji mtu wa kuchagua, kukata na kujenga taharuki. Kwa hivyo yule msimulizi anayejua yote, tuliyeambiwa kuwa ameondolewa, bado yupo. Ameketi chumba cha nyuma akiwa na mkasi. Kinaya ni kwamba filamu inatuahidi ushahidi usioguswa, na inatutisha kwa sababu ushahidi huo umeguswa sana.

Kasoro ya tatu ni kulegea kwa sehemu ya katikati. Mradi kamera haijui kitu, na msitu hauna jipya la kuonyesha, kinachobaki ni kutembea na kugombana. Ugomvi wa kwanza unawajenga wahusika. Wa tano hauongezi kitu. Tena wahusika wenyewe hatuwajui kwa kina. Hatuambiwi lolote la maana kuhusu makwao, imani zao au ndoto zao, kwa sababu watu waliopotea hawaketi kusimuliana wasifu wao mbele ya kamera. Ni kweli kwamba uchovu tunaouhisi unashabihiana na wao. Wanapotembea kutwa nzima kuelekea kusini kisha wakajikuta kwenye gogo lile lile walilovuka asubuhi, uchovu huo unageuka kuwa hofu. Lakini msanii asijitetee kwa kusema kwamba amemchosha mtazamaji makusudi kila mara anapomchosha.

Kasoro ya nne inahusu mwili wa mtazamaji. Kamera inayotikisika bila kikomo iliwatia baadhi ya watazamaji kisunzi na kichefuchefu katika kumbi za sinema. Kwenye kiwambo kidogo cha tarakilishi hatukulihisi hilo, na labda tulibahatika. Mtazamaji anayeinamisha uso ili asitapike hawezi kuogopa, kwa kuwa hatazami.

Kasoro ya tano ni kwamba mbinu hii haikubali kurudiwa kwa urahisi. Mwaka 2000 ilitoka filamu ya pili, Book of Shadows: Blair Witch 2, iliyoiacha mbinu ya kanda zilizookotwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2016 Adam Wingard alirudi msituni na filamu iitwayo Blair Witch, akiwapa wahusika kamera nyingi zaidi, zikiwemo za kuvaliwa sikioni na hata moja ya kurushwa angani. Tulionyeshwa mengi zaidi, lakini sidhani kama tuliogopa zaidi. Kamera zinapokuwa nyingi, kutojua kunapungua, na kutojua ndiko kulikokuwa mtaji wa filamu ya kwanza.

Gharama ya Kusadikika

Nimesema kwamba swali la ukweli na uongo hatukuliuliza mahali pake. Sasa ni wakati wa kulieleza jambo hilo.

Kisakale cha mchawi wa Blair hakikuwahi kuwepo kabla ya Myrick na Sánchez. Walikibuni chote: mchawi, Rustin Parr, na hata mapisi ya mji. Kisha dai la ukweli likatolewa nje ya filamu. Ilifunguliwa tovuti yenye picha na taarifa za kubuni kuhusu upotevu huo. Katika tamasha la Sundance yalibandikwa matangazo ya watu waliopotea. Hifadhi maarufu ya habari za filamu katika intaneti, IMDb, iliwaorodhesha waigizaji watatu kama watu waliopotea na kudhaniwa kuwa wamekufa. Nao waigizaji walitakiwa wasijitokeze hadharani, ili uongo usiharibike.

Ikumbukwe kwamba wahusika hawa walipewa majina halisi ya waigizaji. Heather wa filamu aliitwa Heather Donahue, kama mwenyewe. Kwa hivyo mama yake mzazi alipokea kadi za rambirambi kwa ajili ya binti aliyekuwa hai. Kinaya kikazidi pale tuzo za dhihaka za Razzie zilipomtangaza Donahue kuwa mwigizaji wa kike mbaya kuliko wote wa mwaka huo. Mtu yuyo huyo aliaminiwa na baadhi kuwa amekufa kweli, kwa jinsi alivyosadikisha, na akadhihakiwa na wengine kuwa hajui kuigiza. Wakazi wa Burkittsville nao hawakusalimika: wageni walimiminika kumtafuta mchawi ambaye hakuwahi kuwa wao, na vibao vya mji vikaibwa.

Waigizaji baadaye waliishtaki kampuni ya Artisan, iliyoisambaza filamu, kuhusu matumizi ya majina yao, na mwaka 2004 wakafikia mapatano nayo. Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Mnamo Aprili 2024, ilipotangazwa kwamba filamu nyingine ya mchawi huyo ingetengenezwa, watatu hao walitoa barua ya wazi kwa kampuni ya Lionsgate, inayomiliki haki za filamu, wakidai malipo yanayostahili na kushauriwa pale majina na sura zao zinapotumiwa. Kufikia hapo ilikuwa imepita miaka 25 tangu filamu ionyeshwe.

Hapa ndipo turudipo kwenye "Paukwa". Mtazamaji aliyedanganywa hakudhurika sana. Akiujua ukweli hucheka au hukasirika, akaenda zake. Sisi sita tulibishana, tukalala, asubuhi tukaenda darasani. Lakini waigizaji wale waliingia katika ngano isiyo na mlango wa kutokea. Mtambaji wetu anapomaliza humwachilia kila mtu: aliyeigiza sauti ya zimwi hurudi kuwa shangazi yetu, akatugawia viazi. Filamu iliyokataa kusema kwamba ni hadithi haikuweza kusema kwamba hadithi imekwisha. Kwa sababu hiyo, swali la ukweli halipaswi kuulizwa kuhusu mchawi. Laulizwa kuhusu majina: ni nani anayeubeba uongo huu mwilini mwake baada ya taa kuwashwa, na je, aliafiki kuubeba kwa muda gani, kwa malipo gani?

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba The Blair Witch Project ni kazi yenye ubora ambao haupaswi kudharauliwa. Imempa mtazamaji nafasi ya kuwa mshiriki katika uundaji wa hofu. Imeyatumia masimulizi ya mdomo kama msingi wa kilele chake. Imeonyesha kwamba upungufu wa vifaa si lazima uwe upungufu wa sanaa. Wakati uo huo, imebainika kwamba kamera isiyojua kitu huzaa maswali yasiyojibika, humficha mhariri bila kumwondoa, na huchosha pale kisa kinapokwama. Hatimaye, tumeona kwamba nguvu iliyokopwa kutoka kwa majina ya watu walio hai ni deni, na mkopaji asipolilipa hulipwa na wengine.

Sasa ni rahisi kwa kila mwenye simu kupiga picha, kubuni kisa na kukisambaza kama tukio la kweli kabla ya machweo. Wapo miongoni mwetu wanaotamani kutengeneza filamu za Kiswahili kwa fedha kidogo, na mbinu hii itawavutia. Waichukue, lakini wachukue giza lake, ukimya wake na masikio yake kwa wazee wa mji. Majina ya wenzao wayaache, au wayatumie kwa mapatano yaliyo wazi.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilimweleza yule mwenzetu wa tatu kwamba waigizaji wote wako hai, na kwamba mchawi alibuniwa na vijana wawili waliotoka chuoni. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Basi mbona mimi bado naogopa?" Sikuwa na jibu la haraka. Ni matumaini yangu kwamba makala haya ni sehemu ya jibu hilo: hofu yake haikutoka katika dai la ukweli, ilitoka katika giza alilolijaza mwenyewe. Filamu ingeweza kumwogofya bila kumdanganya. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa wasomaji wa jarida hili wakitumie watakapoitazama, au watakapoitazama tena.